Mafaili yakitua seva na ruhusa mbovu: kwa nini umask na setgid havikutosha

Swali la msomaji: Tuna seva ya Ubuntu ya kukodi na tovuti yetu iko `/var/www/duka`. Mimi na mwenzangu kila mmoja ana akaunti yake, tunapakia mafaili kwa `scp` na mara nyingine kwa `rsync -a`. Nikipakia mimi, mwenzangu hawezi tena kulibadilisha faili hilo, anaambiwa "Permission denied". Kuna siku ukurasa mmoja unaleta kosa 403, yaani seva inakataa kuuonyesha, ilhali mingine inafunguka vizuri. Nimeweka `umask 002` kwenye `.bashrc` na setgid kwenye folda, lakini hali ni ileile. Siku hizi kila tukimaliza kupakia tunapiga `chmod -R 777`. Kuna njia bora?

Jibu:

Ipo, na kuipanga ni kazi ya muda mfupi. Ila kabla ya kugusa amri yoyote, ni vizuri kujua nani hasa huamua ruhusa za faili linapotua kwenye seva. Umask na setgid ulivyoweka si makosa. Shida ni kwamba kuna kitu cha tatu kinachovizidi nguvu, nacho ni ruhusa ambazo faili lilikuwa nazo kwenye kompyuta yako kabla halijaondoka.

Tuseme akaunti yako ni neema na ya mwenzako ni baraka. Unapoandika `scp index.html neema@seva:/var/www/duka/`, scp haitumi yaliyomo peke yake. Hutuma pia ruhusa za faili kama zilivyo kwako, tuseme 644, yaani mmiliki anasoma na kuandika (6), kikundi na watu wa nje wanasoma tu (4). Upande wa pili, ikiwa faili hilo halipo, linaundwa kwa ruhusa hizo baada ya kupitishwa kwenye umask ya seva. Umask ni kama chujio: huzuia visipite, haiongezi kitu. 644 ikipita kwenye umask 002 hubaki 644, kwa sababu 002 huondoa haki ya kuandika ya watu wa nje, na haki hiyo haikuwepo tangu mwanzo. Kikundi kinabaki na 4, yaani kusoma tu. Hapo ndipo mwenzako anapokwama, hata umask yako ikiwa sahihi kabisa. Ungelitengeneza faili palepale kwenye seva kwa `touch` au `nano`, lingezaliwa 664, maana programu hizo huomba 666 na umask 002 huishusha ikawa 664. Faili linalotoka nje halianzii 666. Linaanzia pale lilipokuwa kwako.

Setgid nayo ina mpaka wake. Folda yenye biti hiyo hurithisha kikundi: faili jipya ndani yake litakuwa la kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyelipakia. Haigusi kabisa kama kikundi hicho kina haki ya kuandika. Kwa hiyo umepata faili la kikundi sahihi ambalo kikundi hicho hakiwezi kuliandika.

Kuhusu `.bashrc`, jaribu hii kutoka kwenye kompyuta yako:

`ssh neema@seva umask`

Huenda ikarudisha 0022 ingawa ukiingia kwa kawaida unaona 0002. Kwenye Ubuntu na Debian, `.bashrc` ya kawaida ina mistari ya juu inayosema kwamba kama si kikao cha mtu anayechapa, acha kusoma hapohapo. Amri iliyotumwa kwa ssh, rsync na sftp si vikao vya namna hiyo, kwa hiyo mstari wako wa umask ulio chini haufikiwi. Isitoshe, tangu OpenSSH 9.0 ya mwaka 2022, scp hutumia itifaki ya SFTP, na ile programu ya sftp iliyo upande wa seva inaweza kuanzishwa bila ganda la amri (shell) kuhusika. Mahali pa uhakika pa kuweka umask ya upakiaji wa sftp na scp ni ndani ya `/etc/ssh/sshd_config`:

`Subsystem sftp internal-sftp -u 0002`

Badilisha mstari wa `Subsystem sftp` uliopo, usiongeze wa pili. Kagua kwa `sudo sshd -t` kabla ya kuianzisha upya huduma ya ssh, na usifunge kikao ulichonacho mpaka uhakikishe kikao kipya kinaingia. Nakukumbusha tu kwamba hata hapo, faili lililoondoka na 644 litafika 644.

Kuna jambo jingine la scp linalowachanganya wengi. Ikiwa faili tayari lipo kwenye seva, scp bila `-p` huandika yaliyomo mapya ndani ya faili lilelile la zamani. Mmiliki anabaki yule wa zamani, ruhusa zinabaki zilezile. Hapo ndipo inapotoka 403 ya ukurasa mmoja. Faili fulani liliwahi kupakiwa likiwa 600, labda kwa sababu lilitengenezwa na programu inayounda mafaili ya siri. Baadaye mtu akalirekebisha kwake kuwa 644, akapakia upya, na seva ikaendelea kulishikilia kwa 600. Unaweza kulipakia mara kumi bila mabadiliko. Ama ulirekebishe kwenye seva kwenyewe kwa `chmod`, ama ulifute kwanza, ama utumie `scp -p`, ambayo hulazimisha ruhusa na tarehe za faili zifanane na za kwako. Lakini `-p` itagoma pale mmiliki wa faili kwenye seva akiwa mwenzako: yaliyomo yataandikwa kama kikundi kina haki, kisha kubadilisha ruhusa kutakataliwa. Kanuni ya Linux ni kwamba `chmod` ni ya mmiliki au root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, pekee. Kuwa kwenye kikundi chenye haki ya kuandika hakukupi haki ya kubadilisha ruhusa.

rsync inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Haiandiki ndani ya faili la zamani. Huunda faili la muda pembeni, lenye jina kama `.index.html.Xy3kQa`, na likishakamilika hulibadilisha jina likachukua nafasi ya lile la zamani. Hilo lina matokeo mawili unayopaswa kuyajua. Kwanza, rsync inahitaji haki ya kuandika kwenye folda, si kwenye faili. Ukiona `mkstemp ... failed: Permission denied (13)`, tazama folda na uache kuhangaika na faili. Pili, mmiliki hubadilika: faili lililokuwa la baraka, neema akilisasisha kwa rsync, linakuwa la neema. Kwa timu ya watu wawili hili ni jema, kwa kuwa aliyepakia sasa ni mmiliki na anaweza kuliwekea ruhusa.

Kosa lenu kwenye rsync ni hiyo `-a`. Herufi hiyo ni mkusanyiko wa `-rlptgoD`. Ile `o` ya mmiliki haifanyi chochote kama unayepokea si root. Ile `g` ya kikundi hujaribu kuweka kikundi cha kwako, na kama wewe ni mwanachama wa kikundi chenye jina hilo kwenye seva, inafanikiwa na kuharibu kazi ya setgid. Ile `p` ndiyo mbaya zaidi kwenu: inanakili ruhusa za folda pia, kwa hiyo folda yako ya 755 inaifanya folda ya seva iliyokuwa 2775 iwe 755, na setgid inapotea. Uliiweka, rsync ikaifuta mara ya kwanza ulipopakia.

Sasa marekebisho. Kwanza kikundi, kwenye seva:

`sudo groupadd wavuti`
`sudo usermod -aG wavuti neema`
`sudo usermod -aG wavuti baraka`

Usisahau ile `a` kwenye `-aG`. Bila hiyo, `usermod` humtoa mtumiaji kwenye vikundi vingine vyote, na kama alikuwa ndani ya kikundi cha sudo, amepoteza sudo. Uanachama mpya hauonekani kwenye vikao vilivyokwisha kufunguliwa, kwa hiyo tokeni kwenye seva na muingie tena, kisha hakikisheni kwa `id`. Kama mmeweka ssh ishike muunganisho mmoja na kuutumia tena kwa ControlMaster, kufunga dirisha hakutoshi; pigeni `ssh -O exit neema@seva`, la sivyo mtaendelea na vikundi vya zamani.

Kisha safisha kilichopo:

`sudo chown -R neema:wavuti /var/www/duka`
`sudo find /var/www/duka -type d -exec chmod 2775 {} +`
`sudo find /var/www/duka -type f -exec chmod 664 {} +`

Tunatenganisha folda na mafaili kwa sababu x ina maana mbili. Kwenye faili ni haki ya kulitekeleza kama programu. Kwenye folda ni haki ya kupita kuingia ndani. Folda isiyo na x haifunguki hata kama kila kilicho ndani ni 777, na faili la picha halina haja ya x hata kidogo. Ile 2 ya mbele kwenye 2775 ndiyo setgid. Kama ndani ya tovuti mna hati za kutekelezwa, zirudishieni x moja moja baada ya hapo.

Amri ya kupakia, kuanzia leo, iwe hii:

`rsync -rlptO --chmod=D2775,F664 --exclude=.env --exclude=picha/ public/ neema@seva:/var/www/duka/`

Hakuna `-o` wala `-g`, kwa hiyo mmiliki ni aliyepakia na kikundi kinarithiwa kutoka kwenye folda. `--chmod` hubadilisha ruhusa zinazotumwa kabla hazijafika, D kwa folda na F kwa mafaili. Kwa kuwa `-p` ipo, ruhusa hizo huwekwa kamili, umask haina nafasi ya kuzipunguza. Watu wengi huondoa `-p` na kubakiza `--chmod`, kisha wanashangaa haifanyi kazi kwa mafaili ya zamani. Bila `-p`, rsync huyaacha mafaili yaliyopo na ruhusa zao, na mapya huyapitisha kwenye umask. Viwili hivi viende pamoja.

`-O`, ambayo ni herufi O kubwa, huiambia rsync isijaribu kuweka tarehe za folda. Folda iliyoundwa na mwenzako huwezi kuiwekea tarehe unayoitaka, maana si yako, na bila `-O` utaona `failed to set times on ...: Operation not permitted (1)` na rsync kumaliza na msimbo 23. Mafaili yenyewe huwa yamefika salama, lakini hati yoyote ya kupakia inayoangalia msimbo huo itadhani kazi imeshindikana. Kwa sababu hiyohiyo, epukeni kuongeza `-c` kwenye amri hii. Ikilinganisha yaliyomo na kukuta yanafanana, haitaunda faili jipya, bali itajaribu kurekebisha tarehe ya faili la mwenzako, na itakataliwa.

Kama mnapakia pia hati zenye x na hamtaki ipotee, tumieni `--chmod=D2775,Fug+rw,Fo=r`, ambayo huongeza kusoma na kuandika kwa mmiliki na kikundi bila kugusa x yao. Kwa anayetumia Mac, rsync inayokuja na mfumo si lile toleo la 3 linalotumika kwenye Linux, na namba kama D2775 zinaweza kukataliwa. Isakinishe kwa Homebrew. Anayetumia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, aangalie folda iliyo chini ya `/mnt/c`: kwa mpangilio wa kawaida kila faili huko huonekana 777, na `rsync -a` huzipeleka hivyohivyo. `--chmod` inamwokoa na hilo pia.

Sasa ile `.env`, au faili lolote lenye nywila ya hifadhidata. Hilo lisisomwe na kila mtu. Programu ya PHP kwenye Ubuntu huendeshwa na mtumiaji www-data, kwa hiyo inatosha mmiliki awe mmoja wenu na kikundi kiwe www-data, ruhusa 640. Lipakie nyumbani kwako kwenye seva, kisha:

`sudo install -o neema -g www-data -m 640 ~/.env /var/www/duka/.env`

`install` hunakili na kuweka mmiliki, kikundi na ruhusa kwa pamoja. Napendelea hii kuliko `mv`, maana `mv` ndani ya diski ileile huhamisha faili na mmiliki wake na kikundi chake cha zamani, na setgid ya folda haina usemi. Ukishamaliza, ifute ile nakala iliyobaki nyumbani. Ile `chmod 664` ya jumla niliyoandika juu itakuwa imeigusa `.env` pia, kwa hiyo hatua hii ije baada yake.

Folda ya picha zinazopakiwa na wateja ndiyo pekee ambayo seva ya wavuti inahitaji kuandika:

`sudo chown -R www-data:wavuti /var/www/duka/picha`

Msimwingize www-data kwenye kikundi cha wavuti. Mkifanya hivyo, programu ya PHP itaweza kuandika juu ya msimbo wa tovuti yote, na mtu akipata tundu moja kwenye fomu ya kupakia picha ataweza kuacha faili lake la PHP popote. Hilo ndilo 777 inaruhusu sasa hivi, tena kwa kila akaunti na kila huduma iliyo kwenye seva hiyo. Baadhi ya mipangilio ya kukodi, ile inayoendesha PHP kwa jina la mteja, hukataa kabisa kuendesha hati ambayo watu wa nje wanaweza kuiandika na kurudisha kosa 500. Kwa hiyo 777 inaweza hata kuizima tovuti mliyotaka kuiwasha.

Kama 403 bado ipo baada ya haya, soma kumbukumbu kabla ya kubahatisha. Kwa nginx ni `/var/log/nginx/error.log`, na mstari utakuwa na `(13: Permission denied)` pamoja na njia kamili ya faili. Chukua njia hiyo:

`namei -l /var/www/duka/index.html`

Itakuonyesha kila folda kuanzia mzizi mpaka faili, na ruhusa za kila moja. Tafuta hatua ambayo www-data hana x. Kosa linalojirudia sana ni tovuti iliyowekwa chini ya `/home`. Tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya huundwa ikiwa 750, kwa hiyo www-data haipiti hata mlango wa kwanza, na kurekebisha mafaili ya ndani ni kazi bure. Uthibitisho wa haraka ni huu:

`sudo -u www-data test -r /var/www/duka/index.html && echo sawa`

Nikiwa kwenye habari ya `/home`: msipige kamwe `rsync -a folda/ neema@seva:` bila kutaja mahali. Ule mkwaju (/) wa mwisho baada ya jina la folda humaanisha "yaliyomo pamoja na sifa za folda yenyewe", na mahali pasipotajwa ni nyumbani. Kama folda yako ilikuwa 777, nyumbani kwako kwenye seva kunakuwa 777, na sshd, programu ya ssh ya upande wa seva, inayokagua ruhusa inaukataa ufunguo wako. Utajikuta nje, na kwenye `/var/log/auth.log` kutakuwa na `Authentication refused: bad ownership or modes for directory`. Dawa ni `chmod 750` kwenye folda hiyo, ila utahitaji njia nyingine ya kuingia ili uipige.

Mtu anaweza kukushauri uweke ACL, yaani orodha ya ruhusa za ziada juu ya zile za kawaida, badala ya haya yote, kwa `setfacl -d -m g:wavuti:rwx`. ACL ya folda kweli huifanya umask isihesabiwe. Lakini ruhusa ambazo faili liliombwa kuundwa nazo bado zinakuwa kikomo. Faili la 644 likifika kwa scp, sehemu ya kikundi, yaani 4, inageuka kuwa kinyago (mask) cha ACL, na `getfacl` itakuonyesha `group:wavuti:rwx` ikifuatwa na `#effective:r--`. Haki imeandikwa, haitumiki. Kwa shida yenu ACL haiondoi mzizi.

Mkihamia AlmaLinux au Rocky, ambazo ni aina nyingine za Linux, mtumiaji wa seva ya wavuti si www-data bali apache au nginx, na SELinux, mfumo wa ziada wa ulinzi unaotumia lebo za mafaili, huwa imewashwa. Huko faili linaweza kuwa 664, njia nzima iko wazi, na bado 403. Tazama lebo kwa `ls -Z`. Kama inasema `user_home_t`, faili lilihamishwa kwa `mv` kutoka nyumbani na lebo yake likaja nayo. `sudo restorecon -Rv /var/www` hurudisha lebo zinazostahili.

Baada ya wiki ya kwanza pigeni hizi mbili kwenye seva:

`find /var/www/duka -path '*/picha' -prune -o -type f ! -perm -664 -print`
`find /var/www/duka -perm -o=w ! -type l`

Ya kwanza inatakiwa ionyeshe `.env` peke yake. Ikitokea faili jingine, tazama mmiliki wake kwa `ls -l`: huyo ndiye ambaye bado anapakia kwa scp. Ya pili isionyeshe chochote. Ikionyesha, kuna 777 iliyobaki, na mnaiondoa kwa `chmod o-w` kwenye faili au folda hiyohiyo tu.